Kichungulio cha kamkoda kuwa skrini ya kuvaa jichoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mwanzo kabisa

Kwani tunazungumzia kitu gani?

Kamera za video za zamani, zile za kanda (kamkoda), zina kijibomba ambacho mpiga picha anakitia jicho moja. Ndani yake mna skrini ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na mbele ya skrini pana lenzi. Ukikitoa kijibomba hicho, ukakipa umeme na picha kutoka kwenye kompyuta ndogo, kisha ukakifunga kwenye fremu ya miwani au kofia, umepata skrini inayokaa mbele ya jicho popote uendapo. Hapa tutakiita kichungulio.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, huko Marekani, alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani chenye tyubu mbili ndogo za picha, na mtambo wake ulishikiliwa kutoka darini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kijana wa Kanada, Steve Mann, alibeba mgongoni kompyuta yenye chipu ya 6502, na skrini yake ilikuwa kichungulio cha kamera kilichofungwa kwenye kofia ngumu. Sisi tunafanya kilekile, ila kompyuta imeshuka kutoka mgongoni hadi mfukoni.

Nitaona picha kubwa kiasi gani?

Gawa mshazari wa skrini kwa umbali wa fokasi wa lenzi, kisha zidisha kwa umbali unaotaka kulinganisha. Skrini ya milimita 11 nyuma ya lenzi ya milimita 30 inakupa picha sawa na televisheni ya mshazari wa sentimita 73 iliyo mita 2 mbele yako. Hiyo ni pembe ya nyuzi 21 hivi. Ukisikia mtu anasema kichungulio chake kimejaza upeo wote wa macho, ama kabadilisha lenzi ama anapiga chumvi.

Si afadhali ninunue miwani iliyotengenezwa tayari?

Kama shida yako ni kutazama sinema, ndiyo, nunua. Kichungulio ni cha mtu anayetaka kusoma maandishi, kuona ramani, au kujua tu kilivyo ndani.

## Kuchagua kamera ya kufungua

Kamera ipi inafaa zaidi?

Kamkoda ya kanda yenye kichungulio cha picha nyeusi na nyeupe. Hili ndilo swali la kwanza kwa uzito, na wengi hulifikia mwisho, wakiwa wameshaharibu kamera mbili.

Sababu ni hii. Kichungulio cha aina hiyo ni televisheni nzima iliyopunguzwa. Kina tyubu yake, yaani chupa ya kioo inayochora picha kwa mwale, kina bodi yake inayopeleka mwale kushoto na kulia, juu na chini, na kina transfoma yake ya kuzalisha volti kubwa. Kutoka kwenye kamera kinahitaji vitu vitatu tu: umeme, hasi (waya wa kurudishia umeme), na picha. Picha hiyo ni mawimbi ya video ya kawaida, yaleyale yanayopita kwenye waya wa njano wa deki. Ndiyo maana unaweza kukihamisha na kikaendelea kufanya kazi kana kwamba hakijui kimehama.

Nitakitambuaje bila kufungua kamera?

Washa kamera, chungulia. Picha isiyo na rangi ni dalili nzuri. Kisha sogeza sikio: tyubu hupiga mluzi mwembamba mno, wa hezi 15,625 kwenye mfumo wa zamani wa televisheni uitwao PAL na hezi 15,734 kwenye mwenzake, NTSC. Watoto huusikia vizuri; watu wazima wengi hawausikii tena, kwa hiyo usikate tamaa ukisikia kimya. Kingine ni urefu: tyubu haiwezi kukaa kwenye kijibomba kifupi, kwani shingo yake inahitaji nafasi nyuma ya kioo.

Vichungulio vya rangi havifai kabisa?

Vingine vinafaa. Angalia kinachoingia. Kama ni waya chache, tano au sita, na ndani pana bodi yenye chipu, huenda kinapokea video ya kawaida. Kama ni utepe mpana wenye njia ishirini na zaidi, maana yake kazi ya kuiendesha skrini inafanywa na mazabodi (bodi kuu) ya kamera, na wewe umeshika kioo tu. Hapo itabidi ubebe na mazabodi, au uache.

Na kamera za kidijitali za siku hizi?

Skrini zake ni nzuri ajabu, na karibu hazitumiki kwa kazi hii. Zinapokea data ya kidijitali kwa utaratibu ambao mtengenezaji hauchapishi. Labda uwe mtu wa kuandika programu za vifaa na mwenye miezi ya kuchezea.

Kile kioo kinachofunguka pembeni ya kamera je?

Kikubwa mno kwa jicho. Kingehitaji lenzi pana iliyo mbali, na utaishia na sanduku usoni.

Nina kamera za picha mnato zilizokufa. Nichukue nini humo?

Chukua lenzi, na kwenye kamera kubwa za kubadilisha lenzi, chukua kile kioo cha ndani kinachoruka juu unapopiga picha. Kioo cha kawaida kimepakwa fedha nyuma, hivyo ukikitazama kwa karibu unaona taswira mbili, moja hafifu juu ya nyingine. Kile cha kamera kimepakwa mbele, na kinarudisha taswira moja tu. Kishike kwa kingo. Alama ya kidole haitoki, kwa sababu ukisugua unafuta na kioo chenyewe.

Lakini kabla ya kuingiza bisibisi kwenye kamera yoyote yenye flashi, soma swali linalofuata.

## Usalama

Ni kweli kamera isiyo na betri inaweza kukupiga shoti?

Ni kweli, na inauma. Flashi hutumia kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) ya volti 300 hivi, yenye mikrofaradi 80 hadi 160 au zaidi, na inaweza kukaa na chaji muda mrefu baada ya kamera kuzimwa. Usiguse bodi kabla ya kuimaliza chaji hiyo.

Wako wanaoigusisha miguu yake kwa bisibisi. Cheche inalipuka kwa kishindo, inakula ncha ya bisibisi, na wakati mwingine inaua kapasita. Tumia resista (kifaa kinachopunguza mkondo) ya ohimu 2,000 ya wati kadhaa iliyounganishwa na waya zenye klipu zilizofunikwa. Shikiza kwenye miguu miwili, hesabu hadi tano, kisha pima kwa mita. Isome sifuri, au karibu na hapo, ndipo uendelee.

Kamkoda nyingi hazina flashi, kwa hiyo hatari yake iko kwenye tyubu.

Tyubu ndogo namna ile ina hatari gani?

Nyuma yake mna volti zinazofika maelfu, zinazopita kwenye waya mnene unaoingia kwenye kioo. Mkondo ni mdogo, lakini utakurusha mkono, na mkono unaoruka ndio unaovunja shingo ya tyubu. Ndani ya tyubu hamna hewa. Ikivunjika inarusha vigae. Vaa miwani ya kinga wakati wa kuifungua, na ukishamaliza, ifungie kwenye boksi la plastiki kabla haijafika usoni kwako. Hakuna ruhusa ya kuvaa tyubu iliyo wazi, hata kwa dakika moja ya kujaribu.

Je, tyubu haitoi miale ya eksirei karibu na jicho?

Kwa volti ndogo kiasi hicho, miale yoyote inayozaliwa ni dhaifu na inaishia kwenye kioo cha tyubu yenyewe.

## Waya

Nikate waya zipi?

Usikate. Siyo kwanza.

Kichungulio changu cha kwanza nilikitoa kwa mkasi, waya tano zikabaki zinaning'inia kama mizizi, rangi zake hazilingani na chochote. Nilidhani nyekundu ni umeme. Haikuwa. Ulitoka moshi mwembamba, harufu ya plastiki iliyoungua, na hadi leo sijui nilichoma nini.

Kamera ikiwa bado inawaka, ndiyo mwalimu wako. Ifungue huku kichungulio kimeunganishwa, iwashe, kisha pima kila waya ukilinganisha na chuma cha fremu. Waya inayosoma sifuri, na ambayo kamera ikizimwa inaifanya mita ilie kwenye kipimo cha mguso, ni hasi. Inayosoma volti thabiti, tuseme 5 au 8, ni umeme. Video mita ya kawaida itaisoma kama volti ndogo inayoyumbayumba. Ukiziba lenzi kwa kiganja na kuachia, inabadilika. Mwenye osiloskopu (chombo kinachochora umbo la mawimbi ya umeme) ataona mistari inayojirudia kila mikrosekunde 64, na mwanzoni mwa kila mmoja pana kishimo kinachozama chini. Hicho ndicho kiashiria cha mstari mpya, na ukikiona umemaliza kutafuta.

Waya za ziada mara nyingi ni za taa nyekundu ya kurekodi au swichi. Andika kila kitu kwenye karatasi, na piga picha.

Kamera imekufa kabisa. Nifanyeje?

Fuata njia za shaba kwenye bodi ya kichungulio. Hasi inagusana na chuma cha kifuniko. Umeme unakwenda moja kwa moja kwenye mguu chanya wa kapasita kubwa kuliko zote upande wa kuingilia. Video mara nyingi inapita kwenye resista ya karibu ohimu 75 inayoshuka kwenye hasi, au kwenye kapasita ndogo kuelekea kwenye chipu. Namba ya chipu ukiitafuta kwenye intaneti, huenda ukapata mchoro wa miguu yake, na hapo kazi imekwisha.

Nikipe volti ngapi?

Zile ulizopima. Kama hukupima, anza na 5 kutoka kwenye pawasaplai inayodhibiti mkondo, ukiwa umeibana kwenye miliampia 200. Ikigonga kikomo hicho papo hapo, zima, umekosea waya. Ikiwaka bila kujaa upana wote wa skrini, panda polepole kuelekea 8 huku ukitazama mkondo na kushika bodi kwa uangalifu upande usio na volti kubwa kuona kama inapata joto.

Ikiwa sawa, utajua. Kwanza mluzi, kisha ndani ya sekunde chache kioo kinapata weupe wa kibuluu, kama ukungu wa alfajiri, hata kabla hujaunganisha picha yoyote.

Naona mstari mmoja mweupe unaokata katikati. Ni nini?

Zima sasa hivi. Mwale umeacha kwenda juu na chini, na nguvu yote inapiga mahali pamoja. Dakika chache tu zinatosha kuchora kovu la kudumu kwenye kioo. Kawaida ni kiungo cha solda kilicholegea kwenye waya za koili ya shingoni. Lehemu upya.

Picha inaviringika au imepinda juu.

Mara nyingi hasi ya kompyuta na hasi ya kichungulio hazijaunganishwa. Zikiwa zimeunganishwa, hakikisha mfumo: kamera ya PAL inategemea mistari 625 na mizunguko 50 kwa sekunde, ya NTSC mistari 525 na karibu 60. Tyubu nyingi huvumilia zote mbili kwa shida kidogo, nyingine hukataa. Kama mwanga umezidi na maandishi yanavuja kulia, huenda resista ya ohimu 75 haimo kwenye njia; iongeze kati ya video na hasi.

## Picha itoke wapi

Kifaa gani ni rahisi kuanzia?

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, kwa sababu bado inatoa video ya zamani. Zile za kwanza kabisa zina tundu la njano. Kuanzia B+ hadi modeli ya 4, video imehamia kwenye jeki ya milimita 3.5 yenye vipande vinne: kile cha mwisho, kilicho karibu na kebo, ndicho video, na kinachokifuata ni hasi. Kebo nyingi za kamkoda zinafanana kwa sura lakini zimepangwa tofauti, kwa hiyo ipime kabla ya kulaumu kichungulio. Kwenye Zero za kwanza hakuna jeki, kuna vishimo viwili vilivyoandikwa TV, unalehemu mwenyewe. Kwenye modeli ya 4 njia hii imezimwa, inabidi uiwashe kwenye mipangilio.

Kwa kujaribu tu kama kichungulio ni kizima, Arduino Uno, bodi ndogo ya kuprogramu, inatosha: resista mbili, ya ohimu 470 na ya 1,000, pamoja na maktaba ya programu iitwayo TVout, unapata picha ya nukta 128 kwa 96. Mbaya, lakini inakujibu ndiyo au hapana.

Simu yangu inaweza?

Kwa kuzunguka. Simu inayotoa HDMI kupitia USB-C, halafu kibadilishi cha HDMI kuwa video ya kawaida, halafu kichungulio. Vifaa vitatu na kebo zake, kila kimoja kinataka umeme. Inafanya kazi, ila utajikuta umevaa duka.

Maandishi hayasomeki.

Yakuze. Usidanganywe na hesabu ya mistari. Kioo kile kilitengenezwa ili mpiga picha aone nani yuko kwenye fremu, siyo asome. Herufi 40 kwa mstari na mistari 25, kama kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, ndicho kiwango kisichochosha. Maandishi meupe juu ya weusi, fonti nene, na acha kingo: tyubu inakula pembe za picha. Ukijaribu kufungua ukurasa wa kawaida wa intaneti utaona vumbi.

## Kuvaa

Jicho lipi?

Nyoosha mkono, lenga kitu cha mbali kwa kidole macho yote yakiwa wazi, kisha funga moja moja. Jicho ambalo likibaki peke yake kidole hakihami ndilo kuu. Wengi husoma vizuri zaidi kwa hilo. Mimi nakiweka kwenye jicho lingine ili lile kuu liangalie njia, na sijajuta. Jaribu yote mawili kabla ya kubana skrubu.

Kikae mbele kabisa au pembeni?

Juu kidogo ya usawa wa macho, au chini kidogo, ili utazame unapotaka na usitazame usipotaka. Kikikaa katikati, macho mawili yanaona vitu viwili tofauti na ubongo unabadilishana kati yake bila kukuuliza. Wengine huzoea, wengine huumwa kichwa ndani ya robo saa. Na popote kilipo, usikivae ukiendesha gari, pikipiki au baiskeli.

Kwa nini ninaona ukungu hata nikikisogeza?

Umbali kati ya skrini na lenzi ndio unaoamua, siyo umbali kati ya lenzi na jicho. Pembeni mwa kichungulio pana kigurudumu au kijiti cha kurekebisha. Kisogeze hadi picha ionekane kali huku ukitazama ukuta ulio mita 1 au 2 mbele yako kwa jicho lingine, ili macho yote mawili yafokasi umbali mmoja. Hatua hii ndiyo dawa ya maumivu mengi ya kichwa yanayolaumiwa kwenye tyubu. Wenye kuvaa miwani ya kutoona mbali wengi wanaweza kukitumia bila miwani, kwa kigurudumu hichohicho.

Naweza kuona picha na dunia kwa pamoja?

Weka kioo cha nusu-kupitisha kwa nyuzi 45 mbele ya jicho na kichungulio kikiangalia kutoka juu au pembeni. Ndani ya nyumba inapendeza. Nje kwenye jua picha inatoweka kabisa, kwani kioo kimekunyima nusu ya mwanga wa skrini na jua limemeza iliyobaki. Na picha itageuka; soma swali la picha iliyogeuka hapo mbele.

Betri nayo iende kichwani?

Hapana. Betri za lithiamu zikae mkandani au mfukoni, na kebo ipande kupitia nyuma ya shingo. Pawabenki ya miliampia-saa 10,000 ina wati-saa 37 kwa maandishi, tuseme 30 kwa vitendo. Raspberry Pi Zero na kichungulio kwa pamoja vikila wati 2, una saa 15. Kama kichungulio kinataka volti 8, bodi ndogo ya kupandisha volti ikae huko chini pamoja na betri, siyo sikioni.

## Yasiyo ya kawaida

Picha imegeuka, kushoto iko kulia.

Kila kioo kimoja kinageuza mara moja. Ama umeongeza kioo, ama umeondoa kilichokuwemo: baadhi ya vichungulio vina kioo cha kona ndani na tyubu yake imeunganishwa kinyume tangu kiwandani. Kwenye tyubu, badilishana waya mbili za koili inayopeleka mwale kushoto na kulia, umeme ukiwa umezimwa na umesubiri. Anayeogopa kugusa bodi ageuze picha kwenye kompyuta.

Nikiacha saa ileile kwenye kona siku nzima kuna shida?

Itachongeka kwenye kioo. Punguza mwanga, hamisha maandishi mara kwa mara, na weka weusi mtupu usipotazama.

Nikivaa vichungulio viwili, nitapata picha ya kina (3D)?

Ukiwa na kompyuta inayotoa video mbili tofauti, ndiyo. Ugumu ni kuvinyoosha viangalie sambamba: kimoja kikiinama kidogo kuliko kingine, macho hayawezi kufidia, kwa sababu hayajazoea kwenda moja juu na moja chini. Anza na kimoja.

Naweza kukirudisha kwenye kamera baadaye?

Kama ulichomoa plagi yake badala ya kukata, ndiyo. Tengeneza kebo yako kwa kulehemu kwenye plagi ya upande wa kamera, ile iliyobaki kwenye mazabodi. Kichungulio kinabaki na waya zake zote, na siku ukipata kingine cha aina hiyohiyo, unachomeka tu.